Majaji 9 wa Marekani: nani hasa alianza kuvunja kanuni, Reid au McConnell?

#1 Kipanga wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Nafuatilia siasa za Marekani tangu enzi za Obama na kuna jambo moja limenikaa kooni mpaka leo. Tarehe 13 Februari 2016 Antonin Scalia, jaji wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani, alifariki akiwa Texas. Tarehe 16 Machi Obama akamteua Merrick Garland kujaza kiti hicho, Seneti ikibaki na kazi ya kumwidhinisha. Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi Seneti, akasema huu ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waamue kwanza. Garland hakuhojiwa hata siku moja. Jina lake lilikaa mezani siku 293 mpaka likajifia lenyewe Januari 2017.

Haya, njoo 2020. Jaji mwingine wa mahakama hiyo, Ruth Bader Ginsburg, anafariki 18 Septemba, uchaguzi ni 3 Novemba, na kura za mapema zimeshaanza kupigwa. McConnell yuleyule, kiti kilekile cha uongozi. Amy Coney Barrett, mteule wa Trump, anaidhinishwa 26 Oktoba, siku 8 kabla ya uchaguzi, kwa kura 52 dhidi ya 48.

Mwaka mmoja wa uchaguzi ulikuwa mwiko, mwingine ukawa ruksa. Mimi nasema wazi: hapo ndipo mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilipofanywa nyara ya chama, na aliyefanya hivyo anajulikana kwa jina. Mwenye maelezo mengine ayalete, nitasoma yote.

#2 Mtoto wa Stendi

Siti ya mbele. Ngoja waje wajuvi.

#3 Mwanakwetu Dom

Mkuu Kipanga, umeanza hadithi katikati. Rudi nyuma mpaka 21 Novemba 2013. Siku hiyo Harry Reid, Mdemocrat, kiongozi wa walio wengi Seneti, alifuta sharti la kura 60 kwa wateule wa rais na majaji wote wa shirikisho wasio wa ile mahakama ya majaji 9. Wamarekani wenyewe wanaita "chaguo la nyuklia". Kura zilikuwa 52 kwa 48, na Wademocrat 3 walimkatalia kiongozi wao, akiwemo Joe Manchin.

McConnell alisimama siku ileile akawaambia mtajuta, na pengine mapema kuliko mnavyodhani. Aprili 2017 akachukua silaha ileile, akafuta sharti la 60 kwa Mahakama Kuu ya Marekani pia, Neil Gorsuch akapita kwa 54 dhidi ya 45. Bila 2013 usingepata 2017, na bila 2017 Barrett asingeidhinishwa kwa kura 52. Aliyefungua mlango ni Reid.

#4 Kipanga wa Mbagala

Mwanakwetu, umesema alichofanya Reid, hujasema kwa nini. Mahakama ya Rufaa ya Washington ina viti 11. Obama aliteua watu 3 kujaza viti vitatu vilivyokuwa wazi, na Warepublican wakawazuia wote watatu ndani ya wiki chache. Hoja haikuwa kwamba hawafai. Hoja ilikuwa kwamba mahakama hiyo haina kazi ya kutosha kwa majaji wote hao. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na kumbuka Reid aliiacha nje ile mahakama ya majaji 9. Huo mlango wa pili kaufungua McConnell mwenyewe.

#5 Bi Mkubwa wa Kizingo

Wanangu, hamjambo. Naomba jambo la lugha kwanza, kisha la maana.

Mwanakwetu ameandika "Mahakama Kuu ya Marekani". Kwetu Kenya, na kwenu Tanzania vilevile, Mahakama Kuu ina mahakama nyingine juu yake. Ile ya majaji 9 iko juu ya zote. Semeni Mahakama ya Juu, msije mkampoteza msomaji kama mimi.

La maana ni hili. Kura 60 za nini? Seneti ina watu 100, kwa hiyo 51 ni wengi. Mnaandika kana kwamba kila mtu amezaliwa akijua.

#6 Msomaji wa Usiku

Shikamoo Bi Mkubwa. Uko sahihi kwa yote mawili.

Seneti ya Marekani haikuwa na njia ya kumnyamazisha msemaji. Zamani kanuni ya kukata mjadala ilikuwepo, lakini 1805 makamu wa rais Aaron Burr alishauri wasafishe kitabu chao cha kanuni, na 1806 ile kanuni ikaondolewa. Hakuna aliyewaza kwamba wachache wangekuja kuitumia nafasi hiyo kuua miswada. Wakaitumia. Mtu anasimama anaongea mpaka wenzake wanachoka. Ndiyo filibasta hiyo.

1917, wakati wa Rais Wilson, wakakubaliana kwamba theluthi mbili wanaweza kufunga mjadala. 1975 wakashusha hadi theluthi tatu kwa tano ya maseneta wote, yaani 60. Kwa hiyo mswada unapita kwa 51, lakini ili uruhusiwe kupigiwa hizo 51 unahitaji kwanza 60. Chama kikiwa na 53 kinaweza kukaa miaka miwili na kisipitishe kitu.

Aliyeongea muda mrefu kuliko wote ni Strom Thurmond, saa 24 na dakika 18, mwaka 1957, akipinga sheria ya haki za Weusi.

#7 Kijana wa Feri

Msomaji, umechapia pawili. "Theluthi tatu kwa tano" haipo, sema tatu ya tano. Na rekodi ya Thurmond ilivunjwa Aprili 2025. Cory Booker wa New Jersey alisimama saa 25 na dakika 5. Mjukuu wa Weusi wa kusini ndiye aliyeifuta rekodi ya mtu aliyepinga haki za Weusi. Mimi nilikesha naangalia, sikulala.

#8 Msomaji wa Usiku

Asante kwa masahihisho, ni tatu ya tano. Ila Booker hakuwa anazuia mswada wowote, alikuwa anapinga mwenendo wa serikali kwa jumla. Kwa filibasta halisi, Thurmond bado anaongoza. Kwa hotuba ndefu, ni Booker.

#9 Mama Tunu

Naishi karibu na Washington, na nilimpeleka mdogo wangu alipokuja kutembea. Simu unaziacha kabla ya kuingia roshani ya wageni. Tulitegemea kuona watu wanagombana kama tunavyosoma. Tukaona ukumbi mtupu. Madawati ya mbao, vijana wachache waliokaa kwenye ngazi za mbele, na karani anasoma majina ya maseneta pole pole, jina moja, kimya, jina jingine, kimya. Hakuna anayeitika. Mdogo wangu akaniuliza kwa kunong'ona, "Dada, wamefiwa?"

Nikaja kuelewa baadaye kwamba wanahesabu akidi kwa makusudi ili muda upite huku viongozi wakipatana vyumbani. Na filibasta ya siku hizi ndiyo iko hivyo. Hakuna anayesimama. Seneta anatoa taarifa tu kwamba anapinga, basi mswada unahitaji 60. Zamani aliyetaka kuzuia alilipa kwa miguu na koo lake. Sasa anazuia akiwa ofisini kwake. Kwangu mimi hili ni baya kuliko hayo ya Reid na McConnell, kwa sababu mwananchi haoni nani kazuia nini.

#10 Wakili wa Uasin Gishu

Nimesoma sheria, wacha nichangie kwa hiyo idadi ya 9 iliyo kwenye kichwa cha uzi.

Katiba ya Marekani haisemi majaji ni wangapi. Sheria ya 1789 iliweka 6. 1801 chama cha Federalist, kikiwa kimeshashindwa uchaguzi na kinasubiri kutoka, kikapitisha sheria ya kupunguza hadi 5 ili rais mpya Jefferson akose kiti cha kujaza. Mwaka uliofuata wafuasi wa Jefferson wakaifuta. 1807 wakawa 7, 1837 wakawa 9, 1863 wakawa 10. 1866 Kongresi iliyomchukia Rais Andrew Johnson ikaamua viti vinavyobaki wazi vife mpaka wabaki 7, asije akateua mtu. Alipoondoka, 1869, wakarudisha 9.

Kwa hiyo Kipanga na Mwanakwetu, 2013 na 2016 ni jana. Mchezo huu ulianza kabla wino wa katiba haujakauka vizuri. Kenya tuliandika idadi ndani ya katiba yenyewe, Ibara ya 163, majaji 7, na umri wa kustaafu miaka 70. Bunge likitaka kuongeza wa nane ni lazima libadilishe katiba. Wamarekani wanahitaji sheria ya kawaida tu.

#11 Mtoto wa Stendi

Kumbe! Sasa kama ni sheria ya kawaida, kwa nini Biden hakuongeza hata wanne alipokuwa madarakani?

#12 Wakili wa Uasin Gishu

Kwa sababu ya kivuli cha 1937. Franklin Roosevelt alikuwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo, Seneti imejaa watu wake. Mahakama ilikuwa inamfutia sheria zake za kufufua uchumi moja baada ya nyingine. Tarehe 5 Februari 1937 akaleta mpango: kwa kila jaji aliyepita miaka 70 na nusu asiyetaka kustaafu, rais aongeze jaji mpya, hadi jumla ya 15. Jaji Owen Roberts akaogopa, akahamia upande wa serikali kwenye kesi ya mshahara wa wanawake, na mpango ukakosa sababu. Mpaka leo mwanasiasa akitaja kuongeza majaji anatajiwa 1937.

#13 Karani Mstaafu

Wakili, hapo kwa Owen Roberts umeteleza, na wengi huteleza hapohapo. Hukumu ya kesi hiyo ya mshahara, West Coast Hotel, ilisomwa 29 Machi 1937, baada ya mpango kutangazwa, ndiyo maana watu wanadhani aliogopa. Lakini majaji walikuwa wameshapiga kura faraghani Desemba 1936, kabla Roosevelt hajautangaza mpango wake. Huwezi kuogopa fimbo ambayo haijatolewa ndani. Labda aliogopa matokeo ya uchaguzi wa Novemba, hilo lijadiliwe, ila si mpango.

Na walioua mpango si wapinzani. Ni Wademocrat wenzake. Kamati ya sheria ya Seneti, waliyoitawala wenyewe, iliandika ripoti kali ya kuukataa. Kiongozi wake Seneti, Joseph Robinson, aliyekuwa anabeba mswada huo mgongoni, akafariki Julai katikati ya joto la Washington. Siku chache baadaye Seneti ikaurudisha mswada kwenye kamati kwa 70 dhidi ya 20. Chama chake kilikuwa na nguvu ya kumpa kila kitu na hiki kikamnyima. Kila nikiisoma ripoti ile nawaheshimu wale watu.

#14 Wakili wa Uasin Gishu

Nimekubali, tarehe hiyo ya Desemba ilikuwa imenipita. Nashukuru mzee.

#15 Mwanakwetu Dom

Karani, ukija Dodoma chai ni juu yangu. Bandiko lako limejibu kitu ambacho nimekuwa nikikosea kwa miaka.

Ila nina swali lako maalum. Kanuni za Seneti zinasema kufunga mjadala wa kubadilisha kanuni kunahitaji theluthi mbili. Reid aliwezaje kwa 52?

#16 Karani Mstaafu

Swali zuri, na wengi hawalifikii. Hakubadilisha kanuni. Neno la kanuni lilibaki vilevile kwenye kitabu. Reid aliomba mwongozo: je, kufunga mjadala kwa wateule kunahitaji kura za kawaida tu? Aliyekaa kwenye kiti akajibu kwa mujibu wa kanuni, hapana, ni 60. Reid akakata rufaa dhidi ya uamuzi wa kiti, na rufaa hiyo huamuliwa kwa wingi wa kawaida. Wengi wakasema kiti kimekosea. Kuanzia dakika hiyo kanuni iliyoandikwa 60 ikawa inasomwa 51.

McConnell alifuata hatua hizohizo 2017. Septemba 2025 Warepublican wakafanya tena ili wateule wa rais wasio majaji waidhinishwe kwa mkupuo, na tarehe 18 wakapitisha 48 kwa kura moja. Nimeandika kumbukumbu za vikao miaka mingi na nawaambia kwa dhati, hakuna kitu kinachonitisha kama wengi kupiga kura kwamba neno halimaanishi kinachosomeka.

#17 Kungwi wa Historia

Mnatafuta mtu wa kumlaumu. Mimi natazama vyama vyenyewe. Juni 1964 Seneti ilipiga kura kufunga mjadala wa Sheria ya Haki za Kiraia, 71 kwa 29. Katika hizo 71, Wademocrat walikuwa 44 na Warepublican 27. Waliokuwa wamezuia kwa wiki nyingi waliongozwa na Richard Russell wa Georgia, Mdemocrat. Yaani kila chama kilikuwa na watu wa pande zote mbili.

Angalia majaji pia. Scalia 1986 alipita 98 kwa 0. Ginsburg 1993 alipita 96 kwa 3. Kila mtu alijua msimamo wa kila mmoja wao. Sasa weka Barrett 52 kwa 48, Ketanji Brown Jackson 53 kwa 47. Wahafidhina wa kusini walihamia Republican, waliberali wa kaskazini mashariki wakahamia Democrat, na katikati pakabaki patupu. Ungemwondoa McConnell ukaweka malaika, bado ingekuwa hivi.

#18 Kipanga wa Mbagala

Kungwi, malaika angempa Garland kikao cha kuhojiwa. Hata kama wangemkataa. Robert Bork mwaka 1987 alihojiwa, akapigiwa kura, akaangushwa 42 kwa 58. Alishindwa mchana kweupe. Garland hakupewa hata hilo.

#19 Mwanakwetu Dom

Haya, umemtaja Bork mwenyewe. Warepublican wengi ukiwauliza vita vilianza lini hawasemi 2013 wala 2016, wanasema 1987. Kila upande una kaburi lake la kuhesabia.

#20 Dada wa Ilala

Jamani, mnazunguka. Shida ni kukaa maisha. Clarence Thomas aliingia 1991 akiwa na miaka 43, bado yupo. Barrett aliingia na 48. Jimmy Carter alikaa Ikulu miaka minne hakupata hata kiti kimoja cha kujaza. Trump miaka minne ya kwanza alipata vitatu. Kifo cha mtu mmoja kinaamua sheria za miaka 30, nani hatapigana?

Na nitasema lisilopendwa. Nampenda sana Ginsburg, lakini 2014 alikuwa na miaka 81, ameshaugua saratani, rais ni Obama na Seneti ni ya Wademocrat. Aliombwa apumzike akakataa. Breyer aliondoka 2022 kwa wakati wake, Jackson akaingia. Jaji wa Rufani kwetu akifika 65 anaaga, hakuna anayemwombea afya wala mabaya.

#21 Mama Tunu

Dada, kumlaumu mwanamke aliyefanya kazi akiwa kwenye matibabu, kwa kosa la watu waliogeuza maneno yao, hapo sikuungi mkono. Aliijua kazi yake na akaifanya mpaka pumzi ya mwisho.

#22 Dada wa Ilala

Heshima yake iko palepale, Mama Tunu. Lakini wanawake wa Texas na Mississippi ndio waliolipa ilipokuja hukumu ya Juni 2022 iliyoondoa haki ya kutoa mimba. Siwezi kuacha kuwaza hilo.

#23 Baba Mtarajiwa TX

Nimekuwa msomaji tu hapa kwa miaka, leo wacha niandike kwa sababu hili lilinigusa nyumbani.

Niko Texas kwa viza ya masomo, mke wangu yuko kwa viza ya kunifuata. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri kwamba mtoto wa watu kama sisi, wasio raia wala wakazi wa kudumu, asihesabiwe raia hata akizaliwa ndani ya Marekani. Siku tatu baadaye jaji wa Seattle, John Coughenour, akaizuia. Kisha wengine wakaizuia nchi nzima. Tukapumua. Mke wangu akashika mimba.

Tarehe 27 Juni Mahakama ya Juu, 6 kwa 3, ikasema jaji mmoja wa chini asitoe zuio la nchi nzima kwa kila mtu. Haikugusa kama amri ni halali au la. Aliyeandika hukumu ni Barrett, Kipanga, huyohuyo wa kiti chako cha siku 8. Majimbo 22 yalikuwa yameshtaki. Texas haimo. Nilikaa kwenye kitanda usiku na ramani kwenye simu, nahesabu kilomita mpaka New Mexico, kwa sababu wao walishtaki. Mke wangu ananiuliza tuhamie kwa nani, hatujui mtu kule. Tulikuwa na orodha: petroli, hoteli ya siku ngapi, hospitali gani inapokea mtu asiye na rufaa.

Julai 10 jaji wa New Hampshire, Joseph Laplante, akatoa zuio jipya kupitia kesi ya kundi, likiwafunika watoto wote wa aina hiyo popote walipo. Binti yetu alizaliwa mwezi wa kumi hapahapa Texas. Cheti anacho.

Sasa mnaosema ni vyama tu: Coughenour aliteuliwa na Reagan. Laplante aliteuliwa na Bush mdogo. Wote marais wa Republican.

#24 Bi Mkubwa wa Kizingo

Hongera mwanangu. Mungu amkuze binti, awe na maadili mema na umri mrefu. Jina lake nani?

#25 Baba Mtarajiwa TX

Amina Bi Mkubwa. Anaitwa Neema. Sijabadilisha jina la humu, ila mimi ni Baba Neema sasa.

#26 Mtoto wa Stendi

Hongera sana Baba Neema. Badilisha jina bwana, unatuchanganya.

#27 Furaha wa Milwaukee

Ndugu zangu, jambo. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimekaa Wisconsin miaka mingi, raia tangu 2021. Nyote mnaongelea Washington. Njooni huku kwetu muone jaji anavyotafutwa.

Mahakama ya Juu ya Wisconsin ina majaji 7 na tunawachagua kwa kura, miaka 10 kila mmoja. Kwenye karatasi ya kura hakuna jina la chama. Lakini kila mtu anajua. Aprili 2025 Susan Crawford aligombea na Brad Schimel. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na televisheni pale ukumbini haizimwi. Kwa wiki sita nilisikia matangazo hayo mpaka bibi mmoja mwenye kusahau jina la mwanawe akawa anaimba jina la Schimel. Kadi za kampeni nilizikuta kwenye sanduku la barua tisa kwa siku moja, nikaziweka kwenye boksi la viatu, likajaa. Siku moja waligonga mlango vijana wa upande mmoja asubuhi, na wa upande wa pili saa nane. Wote wananiambia mahakama iko hatarini.

Pesa zilizotumika zilipita dola milioni 90, uchaguzi wa majaji wenye gharama kuliko wote katika historia ya nchi hii. Elon Musk alikuja Green Bay na kofia ya jibini kichwani, akawapa wapiga kura wawili hundi ya dola milioni moja kila mmoja. Milioni moja! Mimi naosha watu usiku kucha.

Crawford alishinda kwa pointi kama 10. Watu wa kazini walifurahi, nami nilimpigia. Julai mahakama ikafuta sheria ya 1849 ya kukataza kutoa mimba, 4 kwa 3. Desemba 2023, baada ya uchaguzi kama huu, ilikuwa imefuta mipaka ya viti vya bunge la jimbo, 4 kwa 3. Nilitaka matokeo hayo. Lakini kila hukumu nikiisikia naijua kabla haijasomwa, kwa sababu niliona kadi zao kwenye boksi langu la viatu.

#28 Kipanga wa Mbagala

Furaha, bandiko lako ndilo bora humu. Naomba uliweke hilo boksi, usitupe.

#29 Kijana wa Feri

Kuongezea kwa Furaha, North Carolina ni funzo zaidi. Februari 2022 mahakama yao ya juu, Wademocrat 4 kwa Warepublican 3, ilikataa mipaka ya viti vya Kongresi kwamba inapendelea chama. Uchaguzi ukafanyika kwa mipaka mingine, vikagawanywa 7 kwa 7. Uchaguzi huohuo wa Novemba ukageuza mahakama kuwa 5 kwa 2 upande wa Republican. Aprili 2023, kesi ileile ikasikilizwa upya, hukumu ikageuzwa. Bunge likachora mipaka mipya, na 2024 vikatoka 10 kwa 4. Katiba ya jimbo haikubadilika hata nukta. Walibadilika watu wawili.

#30 Kungwi wa Historia

Na Texas Agosti 2025? Bunge lao linahitaji wabunge 100 kati ya 150 kutimiza akidi. Wademocrat zaidi ya 50 wakapanda ndege kwenda Illinois ili mipaka ya kuwapa Warepublican viti 5 zaidi vya Kongresi isipigiwe kura. Wiki mbili wakarudi, mipaka ikapita. California ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba, viti 5 upande wa pili. Wisconsin 2011 maseneta 14 walikimbilia hukohuko Illinois. Hata Abraham Lincoln akiwa mbunge wa Illinois mwaka 1840 aliruka dirishani kukwepa akidi. Hakufaulu, alikuwa ameshahesabiwa.

#31 Mtoto wa Stendi

Lincoln huyu wa kwenye noti?! Mrefu vile, dirisha lilikuwa na ukubwa gani?

#32 Msomaji wa Usiku

Turudi kwenye mada. Nimesoma yote na kuna jambo moja mmeligusa bila kulishika. Sheria inahitaji 60. Jaji wa maisha anahitaji 51. Kwa hiyo kilicho rahisi ni kumweka mtu, kigumu ni kutunga sheria. Chama chenye 52 kitatumia nguvu zake wapi? Kwa majaji. Halafu wale majaji ndio wanaoamua mambo ambayo Kongresi ilishindwa kuyaandika.

Kuna njia ya pembeni, ya bajeti, ambayo inapita kwa 51. Ndiyo iliyopitisha punguzo la kodi la 2017, sheria ya tabianchi ya Biden 2022, na ile sheria kubwa ya Trump Julai 2025 ambapo JD Vance alipiga kura ya kuvunja sare, 51 kwa 50. Lakini mshauri wa kanuni, mama Elizabeth MacDonough, anachuja kisichohusu bajeti. 2021 aliondoa mshahara wa dola 15 kwa saa wa Wademocrat. Mama huyo hakuchaguliwa na mtu.

#33 Mama Tunu

Basi wafute filibasta yote tumalize. Januari 2022 walijaribu kwa ajili ya haki za kupiga kura, Wademocrat wawili, Manchin na Kyrsten Sinema, wakagoma, 48 kwa 52.

#34 Karani Mstaafu

Na upande wa pili ukagoma vilevile. Serikali ilifungwa siku 43 kuanzia 1 Oktoba 2025 kwa kukosa kura 60 za bajeti, Trump akawaamuru Warepublican waifute filibasta, kiongozi wao Seneti, John Thune, akakataa. Mwaka huohuo Trump alimtaka Chuck Grassley, mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti, aachane na karatasi ya buluu, ule utaratibu wa seneta wa jimbo kuridhia jaji wa wilaya wa jimboni kwake. Grassley akakataa. Kumbuka ni Grassley huyohuyo aliyeacha kuiheshimu kwa majaji wa rufaa muhula wa kwanza wa Trump. Kila seneta anaitetea kanuni inayompa yeye binafsi nguvu. Hilo si la chama.

#35 Kipanga wa Mbagala

Karani, naona unakoelekea, lakini hilo haliondoi siku 293. Sijashawishika.

#36 Mwanakwetu Dom

Wala mimi kuhusu Reid.

#37 Bi Mkubwa wa Kizingo

Furaha mwanangu, nimebaki na swali lako wewe. Huyo jaji uliyempigia kura, siku ukiwa na kesi yako mbele yake na mwenzako ndiye aliyechangia kampeni, utalala?

#38 Furaha wa Milwaukee

Bi Mkubwa, sitalala. Na kule nilikotoka jaji hakuchaguliwa na mtu wa mtaani, na huko pia sikulala. Kwa hiyo sijui nikujibu nini.

Nimejiandikisha kuwa karani wa kituo cha kura uchaguzi unaokuja wa Aprili. Mafunzo ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, nikitoka zamu. Leo kwenye sanduku zimekuja kadi mbili.

#39 Baba Neema

Nimebadilisha jina, Stendi.